Harufu Ilikwisha, Mfupa Ukaendelea Kuliwa: Uchambuzi wa Kisa cha Hidrojeni Salfaidi na Ugonjwa wa Fizi

Kwa nini kisa hiki kimeandikwa

Kisa hiki kinamhusu mgonjwa aliyetibiwa harufu mbaya ya kinywa kwa takriban miaka miwili na kuambiwa kwamba amepona kwa sababu kipimo cha gesi kilikuwa kimeshuka, ilhali mfupa unaoshikilia meno yake ulikuwa ukiendelea kuliwa. Taarifa zote zinazoweza kumtambulisha, pamoja na zile za mahali alikohudumiwa awali, zimeondolewa. Umri wake umeachwa kwa kuwa unaingia katika hesabu ya kasi ya ugonjwa. Gesi iliyo katikati ya kisa hiki, hidrojeni salfaidi, huelezwa kwa sura mbili zinazoonekana kupingana: mara ni sumu ya bakteria inayoharibu mfupa, mara ni kinga ya mfupa inayostahili kumezwa katika vidonge. Mgonjwa wetu alikuwa amezisoma sura zote mbili, na kila moja ilimfikisha kwenye uamuzi uliochelewesha matibabu yake.

Gesi yenyewe

Mwili hutengeneza gesi tatu ndogo zinazopitisha ishara kati ya seli, nazo ni nitriki oksaidi, kaboni monoksaidi na hidrojeni salfaidi. Utafiti wa nitriki oksaidi ndio uliowapatia Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1998. Hidrojeni salfaidi, kwa upande wake, ilijulikana kwa muda mrefu kama sumu inayonuka kama yai viza tu, mpaka mwaka 1996 Abe na Kimura walipochapisha ushahidi kwamba ubongo huitengeneza na huenda unaitumia kurekebisha mawasiliano ya neva. Leo inafahamika kwamba seli za tishu nyingi, zikiwemo seli za kano inayoshikanisha jino na mfupa, huitengeneza kwa kiasi kidogo sana kwa msaada wa vimeng'enya maalumu, hasa kutokana na asidi amino iitwayo sisteini.

Kinywani kuna chanzo cha pili ambacho hakifuati mahitaji ya mwili. Bakteria wanaoishi pasipo na oksijeni, kama vile Fusobacterium nucleatum, Treponema denticola na Porphyromonas gingivalis, huvunja sisteini ili kujipatia chakula na kuacha hidrojeni salfaidi; wakivunja asidi amino nyingine, methionini, huacha gesi nyingine ya salfa, methili mekaptani. Ndani ya mfuko wa fizi, yaani nafasi iliyo kati ya jino na ufizi, basi, gesi ileile hutoka pande mbili kwa viwango visivyokaribiana hata kidogo, na tofauti hiyo ya viwango ndiyo iliyotawala kisa chote.

Mgonjwa na historia yake

Mgonjwa alikuwa na umri wa miaka 42, hakuwa akivuta sigara, na hakuwa na ugonjwa mwingine uliokuwa umegunduliwa. Lalamiko lake la kwanza, miaka miwili kabla hatujamwona, lilikuwa kunuka kinywa. Katika kituo alichoanzia, hewa ya kinywa chake ilipimwa kwa kifaa kinachojumlisha gesi zote za salfa, ugaga uliokuwa juu ya fizi ukaondolewa, na akapewa dawa ya kusukutulia yenye zinki na kloheksidini, kemikali inayoua bakteria. Alipopimwa tena, gesi ilikuwa imeshuka mno na familia yake ilithibitisha kwamba harufu imekwisha. Kumbukumbu alizotuletea hazikuwa na kipimo hata kimoja cha kina cha mifuko ya fizi, wala picha ya eksirei.

Aliendelea kusukutua kila siku. Baadaye aliona fizi zikitoa damu anapopiga mswaki, kisha nafasi ikajitokeza kati ya meno mawili ya mbele ya chini, na mwishowe gego la kwanza la juu kulia likaanza kutikisika anapotafuna. Hakuvihusisha vitu hivi na tatizo lake la awali, kwa kuwa kwake tatizo lile lilikuwa harufu, na harufu haikuwapo tena. Katika kutafuta maelezo alikutana na taarifa kwamba hidrojeni salfaidi huzuia seli zinazokula mfupa na kwamba viambato vya kitunguu saumu huitoa gesi hiyo mwilini. Alipofika kwetu alikuwa akimeza vidonge vya dondoo ya kitunguu saumu, na swali lake lilikuwa la mtu aliyefikiri kwa makini: “Daktari, kama gesi hii inazuia seli zinazokula mfupa, kwa nini tuwaondoe bakteria wanaoitoa?”

Tuliyoyakuta

Siku ya kwanza kipimo cha gesi kilikuwa chini, kama kilivyokuwa kwenye kumbukumbu zake, na kama tungeishia hapo tungeandika kwamba kinywa kiko salama. Hata hivyo, kipimio chembamba chenye alama za milimita kilipoingizwa upande wa nyuma wa gego lile la juu kulia, kilizama hadi milimita 8. Kilipotolewa, damu na usaha kidogo vilifuata, na ncha yake ilikuwa na harufu nzito ambayo kifaa cha kupimia hewa hakikuwa kimeiona. Kikwaruzio kilichopitishwa kwenye mzizi huohuo kilitoka na vipande vya ugaga mweusi, rangi ambayo ugaga wa chini ya fizi huipata kutokana na mabaki ya damu.

Meno yote 28 yalipimwa, kila jino sehemu sita. Sehemu 31 zilikuwa na kina cha milimita 6 au zaidi, na asilimia 62 ya sehemu zote zilitoa damu zilipoguswa. Mfuko wenye afya huwa na kina cha milimita 1 hadi 3. Picha za eksirei zilionyesha kwamba mfupa ulikuwa umeshuka karibu kila mahali, na kwenye gego la juu kulia nusu ya urefu wa mzizi haikuwa na mfupa tena, huku njia panda ya mizizi, yaani mahali mizizi ya gego inapoachana, ikiwa imeanza kufunguka.

Kwa mpangilio wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2018, huo ulikuwa ugonjwa wa fizi wa hatua ya III kati ya nne, yaani ugonjwa mkali. Daraja lake lilitokana na hesabu rahisi: asilimia ya mfupa uliopotea kwenye jino lililoathirika zaidi hugawanywa kwa umri. Asilimia 50 kwa miaka 42 ni karibu 1.2, na chochote kinachozidi 1.0 huingia daraja C, yaani ugonjwa unaokwenda mbio. Kwa kuwa kisukari kisichojulikana ni moja ya sababu za kasi hiyo, tuliomba kipimo cha sukari ya miezi iliyopita. Kilikuwa asilimia 5.6, hali ya kawaida.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kusimamisha dawa ya kusukutulia na vidonge vya kitunguu saumu kabla ya kupima gesi upya. Ioni za zinki hushikana na salfa na kutengeneza zinki salfaidi, kitu kigumu kisicho na harufu, kwa hiyo kipimo kinachochukuliwa muda mfupi baada ya kusukutua hupima kazi ya zinki badala ya kupima kinachoendelea ndani ya mifuko. Kitunguu saumu nacho huleta gesi zake za salfa, ambazo baadhi hufika kwenye pumzi kupitia mapafu, na zingeweza kuchafua kipimo kwa upande mwingine. Safari hii tulitumia kifaa kinachotenganisha gesi moja moja. Zote mbili zilikuwa juu, lakini methili mekaptani ilikuwa juu kuliko hidrojeni salfaidi, mwelekeo unaofahamika kuambatana na ugonjwa wa fizi kuliko utando wa ulimi pekee.

Kloheksidini tuliiacha pia kwa sababu isiyohusu harufu. Bakteria wa ulimi hugeuza naitreti ya kwenye mate kuwa naitraiti, ambayo mwili huitumia kutengeneza nitriki oksaidi, gesi inayolegeza mishipa ya damu. Katika utafiti wa mwaka 2013, watu wenye afya waliosukutua kwa dawa ya kuua bakteria kwa siku 7 walipandishwa shinikizo la damu kwa milimita 2 hadi 3.5 za zebaki. Ni kiasi kidogo, nasi hatuoni sababu ya kumtisha mtu anayesukutua kwa wiki mbili baada ya upasuaji. Kusukutua miaka miwili mfululizo bila sababu ya kitabibu ni jambo jingine.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuanza na usafi wa nyumbani kabla ya kugusa mizizi. Mgonjwa alifundishwa kutumia brashi ndogo za katikati ya meno, akichaguliwa saizi kulingana na kila nafasi, na kusafisha ulimi. Kisha mizizi yote yenye mifuko mirefu ilisafishwa chini ya fizi kwa ganzi, kwa mashine ya mawimbi ya sauti na kwa vikwaruzio vya mkono.

Antibiotiki hatukutoa. Mchanganyiko wa amoksilini na metronidazo huongeza kiasi fulani cha nafuu kwa baadhi ya wagonjwa wenye ugonjwa mkali, lakini miongozo ya sasa haipendekezi kuutumia kwa kila mtu kutokana na madhara yake na usugu wa bakteria. Mgonjwa huyu hakuwa bado amesafishwa chini ya fizi hata mara moja, na tulitaka kwanza kuona mifuko itajibu nini.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kutotumia hidrojeni salfaidi kama dawa kwa namna yoyote, na kumweleza mgonjwa sababu zake kikamilifu. Tulimwambia kwamba alichosoma hakikuwa uongo, na tukalipa swali lake muda lililostahili, kwani mtu aliyeelewa nusu ya jambo hatulizwi kwa kuambiwa aache kusoma. Tulimweleza pia kwamba dondoo za kitunguu saumu zinaweza kuongeza utokaji wa damu, na kwamba upasuaji ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyowezekana mbele yake. Aliviacha vidonge.

Matokeo

Baada ya miezi mitatu, sehemu zilizotoa damu zilikuwa zimeshuka kutoka asilimia 62 hadi 18, na mifuko ya milimita 6 au zaidi ilikuwa imepungua kutoka sehemu 31 hadi 5. Gesi zote mbili zilishuka bila msaada wa zinki, methili mekaptani ikishuka zaidi. Mifuko mitano iliyobaki ilikuwa yote kwenye magego ya kwanza ya juu, karibu na njia panda za mizizi, mahali ambapo vifaa vya kusafishia havifiki vizuri bila kuufungua ufizi. Upasuaji wa kufunua ufizi ulifanyika kwenye magego hayo mawili.

Mwaka mmoja baada ya kuanza matibabu, picha zilizopigwa kwa kishikilio kinachohakikisha pembe ileile zilionyesha kwamba kimo cha mfupa hakikuwa kimeshuka tena, na pengo la wima kwenye mfupa, upande wa mbele wa gego la juu kushoto, lilikuwa limejaa kidogo. Gego la juu kulia liliacha kutikisika kiasi cha kumsumbua anapotafuna, lakini lilibaki na mfuko wa milimita 6 kwenye njia panda. Nafasi kati ya meno ya mbele haikujifunga.

Uchambuzi: kwa nini harufu ilipotosha

Kosa la msingi katika miaka ile miwili halikuwa kutumia zinki, kwani zinki ilifanya kazi yake sawasawa. Kosa lilikuwa kupima hewa ya kinywa na kuichukulia kama habari ya chini ya fizi. Gesi inayoleta harufu ni ile iliyofanikiwa kutoka nje, na sehemu kubwa yake kwa watu wengi hutoka kwenye ulimi. Gesi inayohusika na mfupa ni ile isiyotoka: inazalishwa chini kabisa ya mfuko, katika majimaji yanayovuja kutoka kwenye tishu, ikigusa ngozi nyembamba ambayo nyuma yake kuna kano na mfupa. Majimaji hayo yakiwa na pH (kipimo cha uasidi) ya karibu 7.4, chini ya theluthi ya salfaidi hubaki kama gesi na iliyobaki huwa ioni, chembe zenye chaji zisizotoka hewani. Kinachopotea hewani kwa hiyo ni sehemu tu ya kilichopo, na dawa ya kusukutulia haizami hadi milimita 8.

Kituo cha awali kilikuwa na sababu ya kuridhika, kwa kuwa lalamiko lilikuwa harufu, nayo ilikwisha. Lakini mtu mzima mwenye kinywa kinachonuka anahitaji kupimwa mifuko ya fizi kabla ya kupewa chochote cha kusukutua, na kazi hiyo ingechukua dakika chache siku ya kwanza. Kukosekana kwa picha ya eksirei ya wakati ule kulitugharimu sisi pia: kasi ya kupotea kwa mfupa tuliikadiria kwa kugawanya na umri, njia inayokubalika lakini dhaifu kuliko kulinganisha picha mbili.

Uchambuzi: gesi ileile, kazi mbili

Mfupa huliwa na seli ziitwazo osteoklasti, nazo hukomaa zinapopata ishara ya protini RANKL. Protini nyingine, OPG, huikamata RANKL kabla haijafika. Afya ya mfupa wa taya inategemea sana uwiano wa hizo mbili. Hapa ndipo tafiti za hidrojeni salfaidi zinapoonekana kugombana. Utafiti wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba gesi hiyo ikiwekwa mara moja kwenye tishu za meno ya panya, RANKL hupanda na osteoklasti huongezeka, kisha hali hurudi ilivyokuwa. Kwa upande wa pili, mwaka 2014 watafiti walionyesha kwamba panya waliopungukiwa kimeng'enya cha kutengeneza gesi hiyo walikuwa na mifupa hafifu, kwa sababu seli mama za uboho hushindwa kugeuka seli za kujenga mfupa. Walipopewa kitu kinachotoa gesi hiyo taratibu, hali ilitengemaa. Seli za binadamu zilizokuzwa maabara nazo zimeonyesha osteoklasti chache mbele ya kiasi kidogo cha gesi, kupitia njia ya Nrf2 inayoamsha kinga za seli dhidi ya oksijeni kali.

Kwa maoni yetu ugomvi huo hupungua mno mtu akiuliza gesi ni kiasi gani, imetoka wapi na imekaa muda gani. Kwa kiasi kidogo gesi hii hushikamana na sisteini za protini fulani na kubadilisha tabia yake, na hiyo ndiyo ishara. Kwa kiasi kikubwa huziba kimeng'enya cha mwisho cha upumuaji ndani ya mitokondria, sehemu za seli zinazozalisha nishati, na seli za fizi huanza kufa. Ngozi ya ndani ya kinywa nayo hupitisha zaidi vitu vya bakteria. Sasa litazame lile tokeo la mwaka 2009: mara moja, kisha ikapita. Mfuko wa milimita 8 haupati gesi mara moja. Unaipata mchana na usiku, kwa miaka, na kila wimbi la RANKL linapotaka kushuka linakuta chanzo bado kiko kazini, huku vimeng'enya vya bakteria na ishara za kinga ya mwili zinazochochea uvimbe vikisukuma upande uleule.

Hilo ndilo tulilompa mgonjwa kama jibu la swali lake. Kidonge hakijui mfuko ulipo. Kama kingeongeza gesi mwilini kwa kiasi fulani, kisingepunguza hata chembe ya ile ambayo bakteria wanaimwaga kwenye mzizi, na kingeacha bila kuguswa sababu nyingine zote za kuliwa kwa mfupa. Vitu vinavyotoa gesi taratibu vinastahili kuendelea kuchunguzwa, hasa kwa wazo la kuviweka ndani ya mfuko uliokwisha kusafishwa. Kuvitumia badala ya kusafisha ni kuongeza gesi mahali ambapo tayari imezidi.

Kilichofaulu na kilichoshindikana

Kilichofaulu zaidi ni kusafisha mizizi pamoja na brashi za katikati ya meno, na hatudai kwamba mfupa ulitulia kwa sababu gesi ilipungua. Bakteria walipoondolewa, gesi, vimeng'enya vyao na uvimbe viliondoka pamoja, na kisa cha mtu mmoja hakina namna ya kuvitenganisha. Kupima gesi kulitusaidia kwa jambo moja: kumwonyesha mgonjwa, kwa macho yake, tofauti ya kipimo siku aliyosukutua na siku aliyoacha, na baada ya hapo hakuhitaji kushawishiwa tena kuhusu ganzi na vikwaruzio.

Kilichoshindikana ni njia panda ya gego la juu kulia. Miaka miwili ya awali ndiyo iliyoifungua, na upasuaji haukuweza kurudisha mfupa mahali hapo. Mgonjwa anaonwa kila baada ya miezi mitatu. Jino hilo hupimwa sehemu sita na kusafishwa chini ya fizi kila mara, bila kujali kinywa kina harufu au hakina. Tumekubaliana naye mapema kwamba mfuko huo ukiongezeka milimita 2 au zaidi, au usaha ukirudi, tutazungumzia kuondoa mzizi mmoja au jino zima kabla halijavuta mfupa wa jirani yake.